Malalamiko: tumelipia Husuni Kubwa, tumeishia Makutani

Kwa meneja na timu nzima,

Habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu, ila niseme mapema hii barua haitakuwa ya kiofisi sana, maana ile ya kiofisi nimeshaiandika mara mbili kwenye WhatsApp mkaniwekea tiki za bluu na "tutalifanyia kazi", leo wiki ya tatu sijaona kazi yoyote. Kwa hiyo hapa naandika kama ninavyoongea, mtanivumilia.

Mimi ndo yule mteja wa Jumamosi wa matembezi yenu ya magofu ya Kilwa Kisiwani, niliyekuja na mama yangu mwenye fimbo na binti yangu wa kidato cha pili. Mtatukumbuka tu, kijana wenu alituita "wale wa fimbo" siku nzima.

Tulitoka Dar Ijumaa kwa basi, kama kilomita 300 mpaka Kilwa Masoko, mama ana miaka 71 na magoti yake si ya safari, ila alivumilia kwa sababu ya kitu kimoja tu nacho ni Husuni Kubwa. Ngoja niwaeleze ili mnielewe. Mama yangu kafundisha Historia shule ya msingi miaka 31 huko Morogoro. Kila mwaka akifika kwenye miji ya pwani anachora ubaoni kwa chaki lile bwawa la Husuni Kubwa lenye pembe nane, anawaambia watoto hapa ndo palikuwa kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, vyumba kama mia moja, lipo juu ya mwamba linaangalia bahari, na hata mimi kanifundisha hivyohivyo nikiwa darasani kwake naona aibu mwalimu ni mama. Sasa miaka yote hiyo 31 bwawa lenyewe hajawahi kuliona kwa macho. Nikasema mwaka huu nampeleka. Ndo nikakutana na tangazo lenu.

Tangazo bado ninalo, nimelipiga picha msije mkalibadilisha. Mmesema matembezi ya masaa manne kwa miguu, muongozaji anayeongea Kiswahili na Kiingereza, na mmetaja wenyewe: Gereza, Msikiti Mkuu, msikiti mdogo wa makuba, makaburi ya masultani, Makutani, Husuni Kubwa na Husuni Ndogo. Bei 85,000 kwa kichwa. Nikawaandikia kabla ya kulipa, nikauliza mama mzee ataweza, mkajibu "hamna shida njia ni tambarare, ila kama mnataka kwenda taratibu lipieni kundi binafsi, ongeza 60,000". Nikaongeza. Jumla 315,000 nimelipa kwa simu Jumatano usiku na risiti ninayo.

Tumefika gatini saa 2 kamili asubuhi kama mlivyosema. Boti ipo, nahodha yupo, muongozaji hayupo. Saa 3 hayupo. Saa 4 na nusu ndo anatokea na Wazungu sita nyuma yake, anasema "hawa tunaenda nao, boti ni moja". Nikamuuliza, kundi binafsi maana yake nini, akasema ongea na ofisi. Nikapiga ofisi, simu inaita mpaka inakata. Basi mama akasema twende mwanangu tusiharibu siku, watu ni watu.

Haya, hapa nataka msome taratibu maana hamuwezi kuuza safari za kisiwani halafu hamjui maji. Siku ile ilikuwa bamvua, yani maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Yule nahodha (huyo mzee mpeni pongezi, hana kosa) aliniambia mapema kwamba tungetoka saa 2 tungeshuka vizuri kwa sababu maji bado yapo, ila saa 5 bahari inakuwa imekupwa kabisa. Na kweli, tumefika upande wa pili boti ikagusa chini mbali na ufukwe, mnashuka kwenye maji ya magoti halafu matope karibu na mikoko. Mama yangu na fimbo yake, fimbo inazama. Muongozaji wenu yuko mbele anawasaidia Wazungu kubeba kamera. Aliyemshika mama mkono ni mvuvi wa pale kijijini alikuwa anatengeneza nyavu zake, katuona tu kaja, hakuomba hata mia. Kiatu kimoja cha mama kilibaki kwenye matope pale, tulikitafuta kidogo tukaacha.

Tukaanza na Gereza. Kwa Kiingereza kijana akaongea weee, mikono juu, mizaha, watu wanacheka. Akamaliza akatugeukia sisi: "hapa ni gereza la zamani, walifungwa watumwa, twendeni". Mama akaniangalia. Sikusema kitu. Ukweli ni kwamba Wareno ndo walijenga ngome pale 1505 walipouvamia mji, hawakukaa miaka mingi wakaondoka, na hilo jengo tunaloliona leo sehemu kubwa ni la baadaye, enzi za Waomani. Hata neno lenyewe gereza asili yake ni Kireno, lilikuwa la kanisa. Hayo yote nimeambiwa na mama tukiwa tunatembea nyuma, yeye peku mguu mmoja, nyie mlilipwa hamkuyasema.

Msikiti Mkuu ndo nilianza kurekodi. Video ninayo, mkitaka nawatumia: maelezo ya Kiingereza dakika 6 na sekunde 40. Maelezo ya Kiswahili sekunde 12, na nyingine katika hizo anakohoa. Jamani. Tupo Kilwa, mji wa Waswahili, uliojengwa na Waswahili, watu wa kijijini wanapita wanatusalimia kwa Kiswahili, halafu anayekosa maelezo ni Mswahili. Sina neno na wale wageni, walikuwa watu wazuri tu na wao wamelipa. Nina neno na nyie mliotuuzia "Kiswahili na Kiingereza" kwa bei ileile halafu kimoja mnakitoa kwa kijiko.

Na hata hicho cha Kiingereza kilikuwa na matobo. Kijana akasema msikiti ule Wareno waliujenga. Nilidhani nimesikia vibaya, akarudia. Mama akanyoosha mkono, kabisa kama mwanafunzi, akasema "Mwanangu samahani, Mreno kaja 1505. Huu msikiti sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, na Mreno amekuta umeshapanuliwa na makuba yake juu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, kafika hapa 1331, Waislamu wanaswali, Mreno hata njia haijui." Kijana akacheka akasema "bi mkubwa, mimi nimesomea haya mambo". Mama akasema sawa baba, akaenda akakaa kwenye jiwe kivulini.

Sasa kilichotokea baada ya hapo ndo kinanifanya niandike kurasa zote hizi. Binti yangu akaenda kumuuliza bibi yake, bibi kwa nini kule kwenye dari kuna vishimo vya duara. Bibi akainuka, akamshika mkono wakaingia ndani, akamuonyesha kwa fimbo, "pale walipachika bakuli za kaure kutoka Uchina, ukiinua kichwa unaona zinang'aa". Akamuwekea mkono kwenye ukuta, "pitisha kidole, unaona kama sega la nyuki? Hilo ni tumbawe, limetoka baharini, na hii nyeupe inayoshika ni chokaa, na yenyewe ni matumbawe wamechoma". Mmoja wa wale wageni akaja akauliza mama anasema nini, nikatafsiri. Akaja na mwingine. Baada ya muda wote sita wapo kwa mama, na watoto watatu wa kijijini, na yule mvuvi, mama anahadithia dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilivyokuwa inapita hapa, na kwamba masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu zao za shaba zenye majina yao na moja imeokotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, nyingine zimeokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Nilikuwa natafsiri mpaka koo limekauka. Mama alikuwa anang'aa, sijamuona hivyo tangu astaafu.

Na kijana wenu? Kakaa kwenye ukuta wa msikiti anachezea simu. Alivyoona inakuwa ndefu akapiga makofi, "twendeni twendeni, maji yanatoka, boti itakwama". Nikamuuliza mvuvi kwa sauti ya chini, akasema "yanatoka wapi, ndo kwanza yanajaa". Nikatazama baharini mwenyewe, na kweli pale tuliposhukia kwenye matope maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Kwa hiyo hata uongo wenyewe haukuwa na mahesabu. Sababu tuliijua baadaye kwenye boti, wale wageni walikuwa na chakula cha mchana hotelini saa 7 na nyie mliwaahidi kuwarudisha kabla.

Makutani tulipita kama tunakimbizwa, yale makuta makubwa ya kasri nimeyaona mgongoni mwa mtu. Makaburi ya masultani tuliyaonyeshwa kwa kidole. Nikauliza, na Husuni? Akajibu, naandika maneno yake kama yalivyo: "Husuni ni magofu tu kama haya, mmeshaona haya mmeona yote."

Magofu tu! Mama alikuwa amesimama hapohapo. Hakujibu, akaomba maji tu. Kuna dada wa kijijini akatoa maji kwenye kikombe akasema Husuni si mbali, ni mwendo wa kama nusu saa, hata bibi angefika tukienda taratibu. Nikamwambia kijana wewe peleka wageni, sisi tutaenda na mvuvi halafu boti ije kutufuata, akasema boti haiendi mara mbili, hela ya mafuta hajapewa. Saa 7 kasoro kumi tuko kwenye boti. Masaa manne yenu yamekuwa saa moja na dakika hamsini, na humo muna kushuka kwenye matope.

Nataka niwe mkweli kwa huyo kijana. Tukiwa tunarudi aliona mama kanyamaza, akaja akakaa karibu akasema "Mama nisamehe, kusema ukweli mi mwenyewe Husuni sijawahi kufika. Nimepigiwa jana usiku, wa kawaida kapata kundi lingine." Mama akamshika bega akamwambia soma mwanangu, hujachelewa. Kwa hiyo msije mkamfukuza mkadhani mmemaliza ishu. Kosa ni la mliomtuma. Mnauza mji ambao tangu 1981 upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mji uliokaa miaka kumi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mpaka 2014 watu wakahangaika kuukarabati, halafu mnaokota mtu usiku kwa simu akautembeze asubuhi. Kisiwani pale wapo watu wamezaliwa juu ya hayo magofu na wanayajua njia zote, mngemchukua yule mvuvi tu mngekuwa mbali.

Na kitu kimoja kinaniuma nikikumbuka, huyo Sultani al-Hasan watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Sisi kwenye mji wake tumekosa hata kile tulicholipia.

Haya, madai yangu. Kwanza nataka 60,000 ya kundi binafsi irudi yote, hapo hatubishani, kundi binafsi la watu tisa halipo. Pili, kwenye ile 255,000 iliyobaki nataka mchague wenyewe: ama mnirudishie nusu, yani 127,500, ama mumrudishe mama Kilwa Kisiwani bure mumfikishe Husuni Kubwa. Mkichagua hilo la pili basi masharti ni haya, siku tutachagua sisi baada ya kuangalia maji na nahodha awe yuleyule, muongozaji awe mtu wa kisiwani, aongee Kiswahili mwanzo mwisho. Usafiri wa Dar nitajitegemea. Mimi ningependa la pili, ila mama anasema la kwanza, eti hela ndo mtaisikia.

Ofa ya "asilimia 10 safari ijayo" mliyonitumia kwa meseji siitaki, naomba msiitume tena.

Nawapa siku saba kuanzia leo. Hela itumwe kwenye namba ileile niliyolipia. Kama siku saba zimepita kimya nitapeleka tangazo lenu, risiti, na video ya sekunde 12 kwa wanaosimamia utalii na mambo ya kale huko huko Kilwa, na ofisi yao naijua ilipo.

Wenu,
Mteja wa Jumamosi (wa fimbo)

NB: Kiatu cha mama ni cha kulia, kandambili ya kahawia, kipo kwenye matope upande wa kushoto ukishuka kwenye boti karibu na mikoko. Sikidai. Ila kama kuna mtu wenu anaenda kule maji yakiwa yamekupwa, aangalie.