Kumkumbuka Jenerali Ogolla Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni.

Jumamosi hii, Aprili 18, ndiyo siku aliyotutoka Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi wa Kenya, na wenzake tisa, helikopta yao ilipoanguka Sindar, Elgeyo Marakwet, mwaka 2024. Walikuwa kwenye ziara ya kuangalia shule zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi ya majangili, ili watoto warudi darasani.

Aliingia jeshini 1984, akawa rubani wa ndege za kivita, akapanda hadi Mkuu wa Majeshi. Lakini kinachonikaa moyoni ni maziko yake. Aliacha wasia azikwe upesi, tena bila jeneza. Jumapili, siku ya tatu tu, kule Alego, Siaya, akalazwa udongoni hivyo hivyo. Mkuu wa majeshi mzima! Kwetu, ambako familia huuza hadi ng'ombe wa mwisho kugharamia matanga, hilo si jambo dogo.

Tukutane saa kumi jioni kwa mama mwenyekiti. Tutawaombea wote kumi, si yeye peke yake. Mwenye daftari au kalamu za watoto wa shule za kule Elgeyo Marakwet aje nazo, sanduku litakuwa mlangoni. Atakayechelewa anijulishe mapema, tafadhali.