YAH: FOKSI YA SAFARI ILIYOKUJA IMEPIGWA RANGI UPYA, NA KIFARU HAYUPO

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za hapo Dar. Mimi ni yule mteja wa Mbeya mliyekuwa mnamwambia "usijali bosi" kwenye wasap mpaka hela ilipoingia, baada ya hapo nikawa naona tiki za bluu tu. Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwa simu yule binti wenu kila nikianza kueleza ananikata, "lakini mzee mzigo si umeshaupokea?" Ndio nimeupokea, na shida imeanzia hapo hapo nilipoufungua.

Narudia nilichoagiza asije mtu akasema sikueleweka. Niliomba kigari cha kuchezea cha Corgi namba 256, Volkswagen 1200, yaani foksi, ya mbio za magari za East African Safari, kile kilichoanza kutoka mwaka 1965, chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa, namba 18 mlangoni, tairi la spea juu ya paa na kifaru wake, yule sanamu mdogo wa mnyama. Boksi sikudai, najua boksi peke yake lina bei yake na mengi yanayouzwa siku hizi yamechapishwa juzi. Tangazo lenu lenyewe lilisema orijino, haijaguswa, kamili. Kwa maneno hayo matatu nikalipa laki nne na themanini, mbali na hela ya kusafirisha.

Sasa kilichofika. Nimekipokea stendi ya Nane Nane, kimefungwa vizuri hapo siwalaumu, kimepanda mlima Kitonga na kushuka bila mkwaruzo. Nyumbani nikakitoa kwenye makaratasi, jamani kinang'aa! Kigari cha miaka karibu sitini kinang'aa kuliko bajaji mpya. Nikakigeuza tumboni. Zile gari za Corgi bati la chini lilishikwa na bodi kwa riveti, chuma kile kile cha bodi kimegongwa kikalala, hakuna skrubu. Hii yenu ina skrubu mbili mpya kabisa. Nikampelekea fundi saa mmoja pale Mwanjelwa akaweka ile lenzi yake jichoni, hakumaliza hata dakika akasema mzee hizi riveti zimetobolewa na drili, wameitenganisha wakapulizia rangi wakafunga tena, ona huku kwenye fremu ya dirisha rangi imeingia mpaka ndani. Stika ya 18 nayo imekaa upande, na ukiipitishia kucha inanyanyuka.

Nilipowatumia picha mkanijibu kwamba "imefanyiwa sevisi bosi, iko kama mpya, wateja wengi wanapenda hivyo". Wateja gani hao? Mtu anayetafuta toi ya zamani halipii upya, upya angeununua dukani kwa elfu tano. Analipia ile rangi iliyopigwa Swansea kule Wales enzi kiwanda cha Mettoy, watengenezaji wa Corgi, bado kipo, hata kama imebanduka nusu. Ingekuja na makovu yake yote nisingesema neno. Hiyo mnayoiita sevisi ndiyo imeiua thamani, na bado mmenitoza bei ya isiyoguswa.

Kilichoniuma zaidi ni lile tairi la spea. Yaani sijui kama mnajua mnachouza, kwenye gari hii ukizungusha tairi la paani kwa kidole, matairi ya mbele yanakata kona. Ndio utamu wake wote. Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la kahawa Mbozi, mzungu mmoja alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao akamwachia katoni la vitu vya watoto wake, na humo ndimo ilimokuwa foksi kama hii. Sisi tulikuwa watu wa magari ya waya na matairi ya kandambili, usukani wake fimbo ndefu, halafu ghafla nina gari la chuma linalogeuka kwa kuzungusha spea, watoto walikuwa wanapanga foleni uani kwetu ili kila mtu azungushe mara moja! Kifaru alipotelea kwenye matuta ya viazi na gari lenyewe mdogo wangu akaja kulibadilisha na mtu kwa gololi, hilo sijamsamehe mpaka leo na yeye anajua. Hiyo mliyoniletea spea imebandikwa kwa gundi. Haizunguki. Gundi yenyewe imechuruzika mpaka kwenye kioo cha nyuma.

Na kifaru. Mkaniambia kifaru ni "aksesari" na bei haikumhusu. Hapana ndugu zangu, kifaru alitoka kiwandani pamoja na gari, na gari hilo ni la mbio za Safari zilizoanza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na foksi ilizishinda mwaka 1962, ndio maana wakaitengenezea mnyama wa huku kwetu. Bila kifaru hiyo ni foksi nyekundu tu. Halafu kwenye picha ya tangazo lenu kifaru yupo, amesimama mbele ya bampa, picha ninayo na tarehe yake inaonekana.

Ninachotaka ni moja kati ya mawili, chagueni nyie. Mnirudishie hela yote pamoja na ya usafirishaji, au mnitafutie ambayo kweli haijafunguliwa na kifaru wake, mnitumie kwanza picha ya tumbo lake tena ya karibu, riveti zionekane, nikiridhika ndio itumwe. Habari ya kunipa punguzo kwa oda ijayo msiniletee, oda ijayo haipo.

Nawapa wiki mbili kuanzia mtakapopokea barua hii. Mkikaa kimya napeleka risiti, picha na meseji zetu zote Tume ya Ushindani, maana kuuza kitu kilichopakwa rangi upya kwa jina la orijino ni kumdanganya mteja. Gari lipo kwangu na sitalitoa mpaka hela isome kwenye simu, na nauli ya kulirudisha Dar kwa basi ni juu yenu.

Mteja wenu,
Mbeya