Ukienda Tanga, acha kalenda ya Dodoma nyumbani

Ndugu Mhariri,

Shule zikifungwa Juni na Desemba, familia nyingi za Dodoma zinazotamani bahari huishia Dar es Salaam, Bagamoyo au Unguja. Wachache hupanda hadi pwani ya kaskazini, kule Tanga na Pangani, na baadhi yao hurudi wakinung'unika: kisiwa tulichoambiwa hatukukikuta, boti ilikataa kutoka, mvua ilitufungia ndani siku tatu. Inatuuma kusikia pwani ile ikisemwa vibaya, maana haina kosa. Safari ilipangwa kwa fomu ya likizo na kwa majira ya Dodoma, na kule mwenye ratiba ni mwezi na upepo.

Tuanze na mvua. Kwetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mei vumbi limesharudi, na mtu akishavuna anajiona yuko huru kusafiri. Tanga Mei ni katikati ya masika, na vuli nayo huja Oktoba hadi Desemba. Ukiweza kuchagua, nenda Januari, Februari, au Julai hadi Septemba. Anayebanwa na likizo ya Juni ajue kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshaanza, na mchana huchafua bahari. Mambo ya baharini ayafanye asubuhi, mchana abaki nchi kavu.

Kwa gari, pita Morogoro, Chalinze, Segera na Muheza. Ni kama kilomita 600, lami mwanzo hadi mwisho. Ramani ya simu hupenda kukukatisha Kongwa, Kibaya na Handeni. Kilomita zinapungua kweli, lakini gari dogo likikutwa na mvua kwenye vipande vya udongo huko, utatafuta trekta. Wa treni ya SGR ashuke Morogoro, apande basi la Tanga pale Msamvu. Achague treni ya mapema asije akaingia Tanga usiku wa manane.

Sasa maji, ambayo ndiyo hasa yanayowaponza wageni. Bahari hujaa mara mbili na kupwa, yaani maji kurudi nyuma, mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: saa zimegeuka, kupwa kunaangukia saa 10 na kujaa saa 4, na maji hayaendi mbali. Anga kavu ya Dodoma inauonyesha mwezi vizuri, kwa hiyo hesabu ianzie hapa hapa uani kwako. Mwezi ukiandama Jumatatu, Ijumaa ni siku 4 mbele. Dakika 50 mara 4 ni saa 3 na dakika 20. Basi kupwa kwa asubuhi kumesogea hadi kama saa 7 na dakika 20 mchana. Hesabu hiyo ni ya kupangia safari tu. Ya kuingilia baharini mwulize nahodha.

Chukueni mfano wa Maziwe. Kisiwa hiki kilichoko kama kilomita 8 kutoka Pangani ni hifadhi tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti ya mivinje. Leo ni fungu la mchanga mtupu katikati ya matumbawe, na bamvua ikijaa hufunikwa lote. Anayefika saa 9 alasiri siku ya mwezi mpevu atakuta povu tu mahali pa kisiwa, na atadhani kadanganywa. Siku kama hiyo ondoka Pangani au Ushongo saa 2 asubuhi, fika kabla ya saa 4, na saa 6 iwakute mmeshapanda boti. Kabla ya kulipa, hesabu majaketi ya kuokolea, moja kwa kila kichwa, na la mtoto limkae mwilini, lisiwe la mtu mzima lililokazwa kamba. Kivuli hakuna kabisa, hivyo beba maji, kofia na shati la mikono mirefu. Usikanyage matumbawe, yanakatika, na jeraha lake huchelewa kupona. Kasa hutaga pale, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo kwa sababu yakiachwa maji yatayaharibu. Ukiona alama za kasa mchangani, zipishe.

Nchi kavu nako kuna ya kutosha. Magofu ya Tongoni yako kilomita 17 kusini mwa Tanga, barabara ya Pangani: msikiti, na makaburi yenye nguzo. Tazama nguzo kwa karibu uone vishimo vya mviringo. Ndimo zilimopachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Usiegemee kupiga picha, maana chokaa inayoshika mawe yale imechoka. Mji wa Pangani utembee kwa miguu. Ndiko Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani, alikonyongwa Desemba 1889. Mapango ya Amboni ni kilomita 8 kutoka Tanga, njia ya Horohoro. Ndani kuna unyevu na mahali pa kupita umeinama: viatu viwe na meno, na tochi ziwe mbili, kwani taa ya simu haitoshi.

Malaria kule ni nyingi kuliko Dodoma, kwa hiyo neti isikose.

Mhariri, ukurasa wako wa hali ya hewa hutupa joto na mvua za kila mkoa. Majedwali ya maji ya bandari ya Tanga yapo. Tunaomba uyape mistari mitatu kila Ijumaa: saa za kujaa, saa za kupwa, na urefu wa maji kwa mita, kwa siku 7 zinazofuata. Mkianza kabla ya likizo ya Juni, mtu atakayefunga safari kutoka hapa atajua siku ya kwenda Maziwe na siku ya kubaki Tongoni.

Wasomaji wenu,
Dodoma