Barua ya wazi kwa Katibu wa Kanda: mkataba ujao usomwe shambani kwanza

Ndugu Katibu,

Kamwene. Mimi ni mchumaji wa chai hapa Mufindi na mwakilishi wa wafanyakazi katika tawi letu la chama cha wafanyakazi. Naandika hadharani kwa sababu barua tulizopitisha ofisini kwako hazijajibiwa, na mazungumzo ya mkataba mpya wa hali bora, kati ya chama na mwajiri, yako mlangoni. Ombi letu ni hili: kabla hujaweka saini, njoo uusome mbele ya wachumaji, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, na tuwe na nafasi ya kuukataa. Mkataba unaotumika sasa tulihadithiwa na mnyapara.

Usinihesabu miongoni mwa wanaotaka chama kife. Siku ya mshahara wenzangu wakiona makato ya chama huwa wananijia: "Dada, hii hela inakwenda kufanya nini?" Nawajibu kwa mfano wa mizani. Chai ya asubuhi yenye ukungu inabeba maji, na karani alikuwa anakata kilo kadiri alivyoamka. Jani lilelile, kikapu kilekile, huyu anakatwa kilo moja, yule tatu. Ukibisha, kesho unapangiwa mstari uliochumwa juzi. Leo kiwango cha kukata kimebandikwa kwenye banda la mizani na mwakilishi ana haki ya kusimama pale namba ikisomwa. Kwa anayelipwa kwa kilo, hiyo ni unga wa wiki. Meneja hakuamka siku moja akatuonea huruma. Kiwango hicho kililetwa mezani na chama.

Na tusingekuwa na mkataba tungekula nini? Kima cha chini cha sekta ya kilimo kilikaa Sh100,000 kwa mwezi tangu Julai 2013 mpaka kilipofika Sh140,000 Januari 2023. Bei ya sukari haikusubiri. Sisi bei yetu ya kilo ilisogea katikati ya kipindi hicho kwa sababu kulikuwa na watu wa kukaa mezani na kubishana. Anayetaka kuona kazi isiyo na chama ashuke Mafinga kwenye mbao. Vijana wanalisha magogo kwenye dingdong, zile mashine za kupasulia mbao, mikono mitupu, na anayekatwa kidole anapewa nauli ya kurudi kwao. Sheria inasema wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama, lakini hao 20 utawakuta kwa matajiri tofauti, na mwezi ujao wamehamia msitu mwingine. Sijawahi kusikia ofisi yako imewatembelea.

Sasa nije kwenye yanayouma. Meneja akituambia hapangi bei ya chai, hasemi uongo. Bei inapangwa mnadani Mombasa, na tangu Novemba 2023 Dar es Salaam pia, na mnunuzi hana habari na mshahara wa Mufindi. Gharama ikipanda na mnada usipande, mwajiri anapunguza watu, analeta mashine, au anampa kazi mkandarasi anayekuja na vibarua wake wasio na chama. Yote matatu tumeyaona. Shemeji yangu kule Tukuyu ana ekari yake ya chai na anauza majani mabichi kiwandani. Nikimsimulia nyongeza ya mshahara ananiuliza, hiyo nyongeza inatoka kwenye kilo ya nani? Sina jibu la kumridhisha, na sidhani kama wewe unalo.

Nyongeza iliyopita ilikuja pamoja na orodha ya waliopunguzwa. Waliobaki walipiga vigelegele. Wengi waliotoka walikuwa kina mama, kwa sababu mashine za kuchumia walipewa vijana wa kiume. Kifungu cha 38 cha sheria ya ajira ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na chama kinachotambuliwa kabla ya kupunguza watu. Je, mlishauriana? Mlisema nini? Kule Kericho, Kenya, Mei 2023 watu walichoma mashine za chai, na mambo yakaishia kwenye kifo. Hatutaki kufika huko. Tunataka kifungu cha mashine kiandikwe: nani anafundishwa kuziendesha, wanawake wangapi, anayetoka anatoka na nini.

Kwa nini mmekuwa mbali hivi? Nadhani ni namna hela inavyowafikia. Asiye mwanachama naye anakatwa ada ya uwakala, yaani ya kuwakilishwa na chama. Ni haki, maana mkataba unamlinda naye. Lakini hela inayoingia bila kuombwa imewaondolea haja ya kupanda hadi kwetu. Ugonjwa huu wa chama kuwa mbali na wafanyakazi wake ni wa zamani. Mwaka 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa uhamishoni Sumbawanga kwa amri ya serikali. Mwaka uliofuata vyama vikafutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima, na Katibu Mkuu wake ndiye huyohuyo Waziri wa Kazi. Unamdai mtu nyongeza, kumbe ndiye anayekukataza kugoma! Sheria ya leo haikulazimishi kuishi hivyo, Ndugu Katibu. Hakuna waziri aliyekuteua.

Kwa hiyo lete rasimu ya mkataba, lete na hesabu ya michango ya tawi letu: kilichokatwa, kilichofika kwenu, kilichorudi tawini. Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, baada ya mizani ya mwisho, kwenye uwanja wa mpira wa kambini. Mvua ikinyesha barabara ya kutoka lami inateleza vibaya, usije na gari dogo.

Wako katika mshikamano,
Mwakilishi wa wafanyakazi, Mufindi