Asante, mzee wa Ziwa Naivasha

Mzee, shikamoo. Jina lako hatulijui, ila Nairobi nzima ijue ulivyotutendea Jumamosi.

Upepo wa alasiri uliipindua mashua yetu ndogo, tanga likalala majini. Ulikuja na boti, ukazima injini kabla ya kutukaribia, ukatuhesabu. Hukutukokota. Ulituambia tulegeze kwanza demani, yaani kamba ya kukaza na kulegeza tanga, kwa sababu tanga lililokazwa hushika upepo likishainuka, na mashua hupinduka tena upande wa pili. Kisha omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, ielekezwe upepo unakotoka. Mmoja akasimama juu ya ubao wa katikati, ule unaochomoza chini ya mashua, karibu kabisa na ubavu wa mashua, maana ukikanyagwa nchani huweza kuvunjika. Mwingine akajilaza ndani ili ainuke nayo. Ikasimama! Ukasubiri tufue maji kwa ndoo hadi usukani ukatii, ndipo ukaondoka. Subira hiyo ndiyo iliyotufundisha.

Wenye maboti, mkiwakuta wanafunzi wa mashua za tanga wamepinduka, wana jaketi za kuokolea na wako salama, kaeni karibu muwape nafasi. Wakianza kutetemeka kwa baridi, wapakieni mara moja. Mashua itafuatwa baadaye.

Mungu akuzidishie, mzee wetu.