Risiti ya tairi itaje umri wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie ununuzi wa matairi, hasa ya magari ya mwendo, ingawa naamini hata mwenye gari dogo kama Vitz atapata la kuchukua.

Mimi ni mpima ardhi, naishi Kihonda, Morogoro. Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2003, niliitoa bandarini Dar es Salaam mwaka 2019. Saizi ya matairi yake ni 225/45R17, yaani upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Mwaka 2023 nilikwenda Kariakoo kununua seti nzima. Kijana wa dukani akanihakikishia: "Mzee, hizi mpya kabisa, zimeshuka na kontena juzi tu." Kwa macho zilikuwa mpya kweli. Zilikuwa nyeusi tii, stika bado zimebandikwa, na vile vinyweleo vya mpira havijakatika hata kimoja. Nikalipa, zikafungwa kwenye rimu palepale, zikapimwa balansi, nikarudi Morogoro roho kwatu.

Haikupita wiki ya pili, nikiwa naosha gari, nikaona nyufa ndani ya mifereji ya kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara), nyembamba kama unywele. Nikatafuta maandishi ya DOT ubavuni, ule msimbo wa kiwanda unaomalizikia na wiki na mwaka wa kutengenezwa. Upande wa nje yalikuwepo, lakini bila zile tarakimu nne za mwisho. Mara nyingi tarakimu hizo huchapwa ubavu mmoja tu, na matairi yangu yalikuwa na upande maalumu wa kutazama nje, kwa hiyo tarehe ilikuwa imegeukia ndani. Fundi aliyefunga simlaumu kwa hilo. Nikatandika gunia, nikalala chali chini ya gari na tochi ya simu, nikafuta vumbi la breki kwa kidole gumba mpaka namba zikatokea: 3815. Yaani wiki ya 38 ya mwaka 2015. Tairi la pili, 3815. La tatu, 4115. La nne, 2214. Nilikuwa nimeuziwa kama mpya tairi lenye miaka tisa.

Nilirudi dukani na risiti yangu ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mkononi. Ilikuwa imeandikwa neno "tyre", idadi nne, na kiasi nilicholipa. Basi. Haikuwa na saizi, jina la kampuni wala namba yoyote ya kutofautisha tairi hili na lile. Mwenye duka akaniuliza kwa upole tu: "Sasa mzee wangu, nitajuaje kama ndizo hizi nilizokuuzia mimi?" Nikakosa jibu. Nafanya kazi ya kuweka mawe ya mipaka, najua thamani ya namba iliyoandikwa, na siku ile nilisimama kama mtu anayedai kiwanja bila hati.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba risiti ya kila tairi jipya itaje saizi, aina, na zile tarakimu nne za wiki na mwaka, na mnunuzi aonyeshwe tarakimu hizo kwa macho yake kabla tairi halijapanda kwenye rimu. Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani wanaweza kulisimamia hili. Tarakimu 16 kwa matairi manne haziwezi kumchelewesha mfanyabiashara.

Wapo watakaosema tairi ambalo halijakanyaga lami halizeeki. Linazeeka. Hewa, joto na mwanga huufanya mpira ukakamae hata ukiwa stoo, na stoo zetu nyingi ni kontena la bati linalopigwa jua mchana kutwa. Lililotunzwa vizuri kwa mwaka mmoja au miwili halina neno. Lakini Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na mjuzi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama kashata bado zipo. Kwa gari la mwendo jambo hili linauma zaidi, kwa sababu bei ya tairi lake ni bei ya ulaini. Unalipia mpira unaonata barabarani. Ukishakuwa mgumu, umelipia kitu ambacho hakipo.

Najua pia nitaulizwa: mzee, barabara zetu hizi, tairi lenye herufi W baada ya saizi ubavuni la nini? Herufi W maana yake tairi limepimwa kuhimili kilomita 270 kwa saa, V ni 240, H ni 210. Sijawahi kwenda 270 na sina nia hiyo. Lakini mwendo ni joto, na joto ndilo linaloua tairi. Herufi ya juu inakuambia mwili wa tairi umejengwa kustahimili joto zaidi. Mchukue mtu anayetoka Dar saa saba mchana na abiria wanne na mizigo, upepo wa matairi umepungua kidogo bila yeye kujua. Huyo anauhitaji ustahimilivu ule kwa mwendo wa 100 tu. Kwa hiyo anayekubadilishia W kwa H kwa kuwa "saizi ni ileile" amekupa tairi tofauti. Na ile namba iliyo kabla ya herufi isirukwe: ndiyo uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, 91 ni kilo 615, 94 ni kilo 670.

Mimi mwenyewe sikuzaliwa nikijua haya. Gari lilipotoka Japani lilikuwa na matairi mazuri kwa macho, kashata nene, kila kashata imechanjwachanjwa vimistari vidogo. Nikajisifu kwamba nimepata gari na matairi bure. Masika ya 2020, ndani ya hifadhi ya Mikumi, mvua inanyesha kiasi, swala wawili wakakatiza. Nilikuwa kwenye mwendo wa kawaida. Nilipokanyaga breki nikahisi gari linaelea, kama mtu aliyevaa kandambili kwenye sakafu ya sabuni. Swala walipita, mimi nikasimama mbele kabisa ya pale nilipokusudia, na ingekuwa ni mtoto wa watu nisingekuwa naandika barua hii. Baadaye ndipo nikasoma neno STUDLESS ubavuni. Yalikuwa matairi ya theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye barafu, na kwenye joto la Morogoro unakuwa kama chapati, kashata zinayumba na tairi linalika upesi. Magari mengi yanayotoka Japani huja hivyo. Tafuta neno hilo, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukiikuta, usisubiri masika.

Tangu siku ile, nikichagua tairi, naanza na mvua. Wenzangu wenye magari kama langu, hasa vijana, huanza na kona kavu. Wananiuliza kuhusu Yokohama Advan Neova AD08R na za kundi lake, na ni matairi ya ajabu kwelikweli kwenye lami kavu. Namba yake ya kuchakaa ni 180. Katika kipimo cha Marekani tairi la mfano lina 100, kwa hiyo la 180 linatarajiwa kudumu karibu mara mbili ya lile la mfano, wakati matairi ya kawaida ya familia hupita 400. Namba hiyo hutolewa na kila kampuni kwa vipimo vyake yenyewe, kwa hiyo usiichukue kama mizani ya dhahabu. Ila tairi la 180 au 200 kwa kawaida lina mifereji michache na mpira wa kulika haraka. Kwa mtu wa mashindano sina neno. Kwa mtu anayeshuka mlima Kitonga mwezi Aprili nyuma ya lori lenye shehena, hapana. Mimi natafuta la kati, la kundi la Michelin Pilot Sport 4 au Yokohama Advan Fleva, lenye mifereji mipana ya kuzunguka tairi zima ya kutoa maji. Likiwa na kibandiko cha Ulaya, naangalia ile herufi ya kushika lami iliyolowa, ambayo tangu 2021 inaanzia A hadi E. Nataka A. Na sipandi kwenda rimu ya 18 kwa ajili ya sura. Ubavu wa tairi langu ni milimita 101, ukihamia 225/40R18 unabaki na 90, na mashimo yetu hayatakusamehe hizo milimita 11.

Kuna kosa jingine ambalo ni langu mwenyewe, ingawa muuzaji alilibariki. Mwaka 2022 shimo liliniharibia tairi moja la mbele, likaota uvimbe ubavuni kama jipu. Dukani nikaambiwa ninunue mawili ya mbele, "za nyuma bado zina kashata, mzee, usitupe hela". Kwa gari la kuvuta mbele au nyuma ushauri huo unaweza kupita. Subaru yangu huvuta magurudumu yote manne muda wote. Miezi kadhaa baadaye gari likaanza kujivuta nikikata kona fupi kwenye maegesho, kama linaburuta kitu. Fundi mmoja wa Msamvu akalizungusha mara mbili tu, akaniambia: "Mzee, difu ya katikati hiyo. Umechanganya matairi?"

Alimaanisha ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Sikumwamini. Nikalipeleka gari kwenye uwanja wa saruji wa ofisini, nikapiga chaki kwenye tairi la mbele na la nyuma, upande mmoja, tukalisukuma taratibu, tairi lizunguke mara kumi, nikapima kwa futi kamba ya kazini. La mbele, jipya, mita 19.4. La nyuma, lililolika, mita 19.1. Tofauti ya sentimita 3 kwa kila mzunguko. Kashata za mbele zilikuwa na milimita 8, za nyuma 3, na hizo milimita 5 ndizo zilizozaa hizo sentimita 3. Kwa kilomita moja magurudumu ya nyuma yalikuwa yanaongeza mizunguko 8 juu ya ile ya magurudumu ya mbele. Morogoro hadi Dar peke yake ni mizunguko kama 1,500 ya ziada, na yote inamezwa na difu ile, inasagika na kupata moto bila kupumzika hata barabara iwe imenyooka. Subaru wenyewe hawataki mizingo ya matairi manne ipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Yangu ilipishana 30. Matengenezo yalinigharimu zaidi ya seti nzima ya matairi ambayo nilidhani naikwepa.

Ndiyo maana nasema risiti itaje aina na tarehe. Aliyenunua manne leo, akaharibikiwa na moja baada ya miezi mitatu, atarudi na karatasi inayomwambia muuzaji atafute nini hasa: aina ileile, saizi ileile, na lenye umri wa karibu. Bila hivyo tunaendelea kununua kwa kukisia, na muuzaji mwaminifu, ambaye yupo na ni wengi, anashindana kwa bei na yule anayeuza masalia ya miaka minane.

Mwaka huu nimenunua tena, duka jingine, hapahapa Morogoro. Nilimwambia muuzaji mapema kwamba sitalipa kabla sijasoma namba na kabla hajaniandikia. Hakukasirika. Alinitolea matairi yote manne nje kwenye mwanga, tukainama wote wawili, yeye anasoma kwa sauti, mimi naandika. Kisha akachukua kalamu, akaandika nyuma ya risiti ya EFD saizi, aina, na tarakimu nne nne, akagonga muhuri wa duka. Ilimchukua kama dakika tatu, na wateja wawili waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni nao wakaomba waandikiwe.

Mpima ardhi,
Kihonda, Morogoro