YAH: Feni ya maikrowevu mliyonifungia inarudisha moshi ndani

Uyole, Mbeya
3 Julai 2025

Meneja wa Duka,
Mwanjelwa, Mbeya.

Ndugu Meneja,

Jumamosi ya tarehe 24 Mei 2025 nilinunua kwenu maikrowevu ya kufungwa ukutani juu ya jiko la gesi, ile yenye feni ya kuvuta moshi kwa chini. Kijana wenu wa mauzo aliniambia mara mbili, mume wangu akisikia, "Mama, moshi wote unatoka nje." Kwa neno hilo ndipo nikatoa hela.

Jumapili ya tarehe 22 Juni baridi ilikuwa kali, na baridi ya Uyole ya mwezi wa sita mnaijua. Maharage yalikuwa kwenye jiko la mkaa uani. Nikaliingiza ndani, nikafunga madirisha, nikawasha feni. Hazikupita saa mbili, mama mkwe akasema kichwa kinampasuka. Mwanangu wa miaka sita akatapika, akalegea mikononi mwangu. Tukawatoa nje mbio, kisha zahanati. Nesi hata hakutupa kiti, aliuliza, "Mmewasha mkaa ndani?" Wamepona, namshukuru Mungu.

Kuingiza mkaa ndani ni kosa langu. Sasa najua kwamba hata feni iliyofungwa vizuri si kinga ya kaboni monoksaidi, hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, isiyo na rangi wala harufu. Lakini nililiingiza jiko lile kwa kuamini neno la duka lenu.

Kesho yake nilipanda stuli, nikaweka kiganja kwenye matundu ya juu ya mashine. Upepo wa moto unaonuka vitunguu ukanipiga usoni. Nikazunguka nyuma ya nyumba: ukuta mzima, hauna hata tundu la msumari. Kitabu cha mashine kinaonyesha kwa michoro kuwa feni inageuzwa, ukuta unatobolewa na bomba linapitishwa hadi nje. Fundi wenu hakufanya hata moja. Hewa inapita kwenye chujio la mafuta na chujio la mkaa la kuondoa harufu, halafu inarudi kwetu. Chujio hilo la harufu halizuii kaboni monoksaidi.

Tena fundi huyohuyo alikata plagi akaunganisha waya mbili tu. Ule wa ethi, wa kijani na njano, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, aliukunja akaufunga selotepu. Nikigusa bati la mashine mkono ukiwa na majimaji, umeme unanitekenya.

Nataka ndani ya siku 14 mlete fundi mwenye leseni, afunge bomba la kutoka nje na kurudisha ethi, bila mimi kulipa. Mkishindwa, chukueni mashine yenu mnirudishie hela yote. Na wote mliowauzia mashine hii kwa maneno yale wapigieni simu leo, maana baridi haijaisha. Nisipojibiwa, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Nakala ya risiti na picha za ukuta nimeambatanisha.

Mashine nimeikatia umeme. Maharage tunapikia uani, na makoti.

Mteja wenu,
Uyole